Sarafu Ni Ileile, Mwenye Mnada Ndo Kabadilika

Haya jamani, asanteni kwa nafasi, nitajitahidi nisiwachoshe. Nimepewa mada ya mabadiliko ya uongozi kwenye biashara ya minada ya sarafu adimu, na najua mtu akisikia hivyo anadhani nitasimama hapa kusoma majina, nani kaingia nani katoka. Majina yatakuwepo, hatuwezi kuyakwepa, ila mi nina jambo moja tu la kusema: kampuni ya mnada ikibadilisha mikono, kitu cha kwanza kubadilika sio katalogi wala nembo wala ofisi, ni nani anahesabiwa kuwa mteja. Ukishalijua hilo, mambo mengi yanayosimuliwa kama ugomvi wa watu wawili waliokuwa hawapendani yanaanza kueleweka vizuri zaidi.

Tuweke msingi kwanza. Mwenye sarafu anazileta, kampuni inapiga picha, inaandika maelezo, inatangaza, siku ikifika watu wanataja dau na nyundo inagongwa. Zamani aliyekuwa analipa kampuni ni muuzaji, anakatwa kamisheni basi, na kila mtu alikuwa anajua mnadishaji ni mtu wa muuzaji. Mwaka 1975 kule London kampuni kubwa za mnada, Christie's na Sotheby's, wakaanza kumtoza na mnunuzi, asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, yaani ile bei nyundo ilipogongwa, wafanyabiashara wakapiga kelele wee, kelele zikaisha, na leo kwenye sarafu ada ya mnunuzi ya asilimia 20 ni kitu cha kawaida kabisa wala hakuna anayeshangaa. Sasa matokeo yake watu wengi hawayaoni. Muuzaji mwenye mkusanyiko mkubwa akija na kampuni tatu zinamgombania, anaambiwa hutalipa kamisheni hata senti, akibana zaidi anapewa na sehemu ya ile ada ya mnunuzi, yaani anaondoka na zaidi ya bei ya nyundo yenyewe, na pengine ameshapewa hela ya awali miezi kibao kabla ya mnada. Kwa hiyo mwenye mfuko hapo ni mnunuzi, anayebembelezwa ni muuzaji, na kampuni imekaa katikati, alafu wakati mwingine kampuni yenyewe ina sarafu zake humohumo kwenye mnada. Soma masharti ya mauzo, yale maandishi madogo, utakuta wengi wameandika kabisa kwamba kampuni au washirika wake wanaruhusiwa kuuza mali yao na hata kutaja dau. Sio siri, wameandika, tatizo ni kwamba hatusomi.

Sasa katika mazingira kama hayo, kinachomlinda mtu wa kawaida ni nini? Zamani jibu lilikuwa jina la familia. Chukua Stack's ya New York, ndugu wawili Joseph na Morton Stack walianza mwaka 1933, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, na mnada wao wa kwanza wa hadhara wakafanya 1935. Baada ya hapo wakaja watoto, wakaja wajukuu, duka likawa 57th Street, mtu anaingia na sarafu za marehemu babake anakutana na mtu yuleyule aliyemuuzia babake. Harvey Stack, mtoto wa Morton, mwaka 1995 alikwenda mpaka mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea wazo la kutengeneza sarafu za robo dola za kila jimbo, zile zilizoanza kutoka 1999 na kuwafanya mamilioni ya watu waanze kuangalia chenji mifukoni mwao. Watu wa namna hiyo faida yao wanaihesabu kwa miaka 30. Wakimdanganya mteja leo, mjukuu wa huyo mteja hatawaletea mkusanyiko.

Ila tusiwafanye malaika. Hao wazee hawakupenda kabisa kampuni za nje zije kuwapangia gredi, yaani daraja la ubora, sarafu zao, kwa sababu wao wenyewe ndo walikuwa wanaandika kwenye katalogi kwamba hii ni nzuri sana, hii ni ya kipekee, na wewe unaamini au unaacha. Jicho la muuzaji ndo lilikuwa hakimu. Na hata ile mizani tunayotumia wote, ya 1 mpaka 70, aliyeitunga mwaka 1949 kwa ajili ya zile senti kubwa za zamani za Marekani ni William Sheldon, msomi anayeheshimika, na alipokufa ikaja kubainika, mpaka mahakamani ikafika, kwamba alikuwa anaingia kwenye hazina ya American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu pale New York, anachukua senti nzuri na kuacha zake mbovu. Kwa hiyo mtu akiniambia zamani kulikuwa na maadili na sasa hakuna, namsikiliza tu kwa heshima.

Ndo maana kampuni huru za kugredi zilipokuja, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, watu walizipokea kama ukombozi. Unapeleka sarafu, wataalamu ambao hawana hisa kwenye mauzo wanaiangalia, wanaipa namba, inafungwa kwenye kasha la plastiki, basi, sasa unaweza kununua bila hata kuishika. Na hiyo namba ina hela. Sarafu ya 65 na ya 66 ukiziweka pamoja mtu wa kawaida anaona pacha, ila bei inaweza kuwa mara mbili, mara tatu, kwa sarafu nyingine hata zaidi. Kwa hiyo watu wakaanza kuvunja makasha, wanapeleka tena, na tena, mpaka namba ipande. Hapo ndo akaja John Albanese, mmoja wa waanzilishi wa PCGS na baadae NGC, mwaka 2007 akaanzisha CAC, kazi yake ni kuangalia sarafu ambazo tayari ziko kwenye kasha na kubandika kistika cha kijani kwa zile anazoona zinastahili namba yake. Yaani mkaguzi wa wakaguzi. Na mwaka 2023 CAC nayo ikaanza kugredi yenyewe na kufunga makasha yake, kwa hiyo mkaguzi wa wakaguzi naye kawa mshindani wao, sijui tucheke au tufanyeje.

Shikeni hapo kwenye neno huru, maana kisa ninachotaka kukaa nacho leo kinaanzia hapo, nacho ni cha Q. David Bowers.

Bowers alianza kuuza sarafu akiwa kijana mdogo miaka ya 1950. Huyu ni mtu wa kuandika, katalogi zake zilikuwa zinasomwa kama vitabu, sarafu moja anaweza kukupa historia ya kiwanda, ya mchongaji, ya kila mtu aliyewahi kuimiliki. Miaka ya 1970 akiwa na James Ruddy walikuwa na kampuni Los Angeles, Bowers and Ruddy, na mmiliki wake akawa nani? General Mills. Watu wa unga na nafaka za kifungua kinywa. Ndiyo, kampuni kubwa ya vyakula iliona kukusanya vitu ni biashara inayokua ikanunua. Na ajabu ni kwamba kazi haikuharibika, chini ya mmiliki huyo ndo waliuza mkusanyiko wa Garrett kwa niaba ya chuo kikuu cha Johns Hopkins kati ya 1979 na 1981, ukaingiza dola milioni 25 hivi, na Brasher Doubloon moja, sarafu ya dhahabu ya zamani ya Marekani, ikaenda kwa dola 725,000. Nimelileta hili makusudi, maana kuna watu wanaamini kampuni kubwa ikiingia tu kila kitu kinaoza. Sio lazima. Mtu wa unga hana maslahi yoyote kwenye gredi ya sarafu yako, anataka hesabu zikae sawa mwisho wa mwaka, anawaacha wataalamu wafanye kazi.

Mwaka 1983 Bowers akaanza upya na Raymond Merena, Bowers and Merena, wakakaa Wolfeboro, New Hampshire, kamji kadogo, na mwaka 1996 wakauza nikeli, yaani senti tano ya Marekani, ya 1913 ya mkusanyiko wa Eliasberg kwa dola 1,485,000, sarafu ya kwanza kuvuka dola milioni moja mnadani. Jina likawa kubwa kweli.

Alafu mwaka 2000 kampuni ikanunuliwa na Collectors Universe. Collectors Universe ni nani? Ndo mmiliki wa PCGS. Tena muda mfupi kabla ilikuwa imeingia soko la hisa la Nasdaq, kwa hiyo ina wenye hisa wanaotaka kuona ukuaji kila robo mwaka. Sasa tulieni tufikirie. Anayetoa namba na anayeuza kwa namba ile wanalala nyumba moja, na ada inapanda bei ikipanda. Ni refa mwenye hisa kwenye timu mojawapo. Mi sisemi PCGS walipandisha gredi kwa ajili ya mnada wao, sina ushahidi na sitasema, lakini uzuri wote wa gredi ya mtu wa tatu ni kwamba ni mtu wa tatu, ukishamfanya ndugu wa muuzaji hata kama anafanya kazi yake kwa uaminifu wa asilimia mia, mnunuzi anayo haki ya kuuliza na wewe huna jibu zuri la kumpa.

Mwaka 2003 Bowers akaondoka. Yeye na baadhi ya waliofanya naye kazi wakaanzisha American Numismatic Rarities, na angalieni hilo jina, halina Bowers, kwa sababu Bowers kama jina la biashara lilikuwa limeshauzwa! Mtu yuko nje, jina lake liko mlangoni kwa wengine, na katalogi zinaendelea kutoka zimeandikwa jina lake na yeye hayumo. Kwa mteja wa kawaida ambaye hafuatilii habari hizi, anapeleka sarafu za familia kwa Bowers akijua anakwenda kwa Bowers. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, mkataba ni mkataba, ila kama kuna mahali maadili ya mwekezaji na maadili ya fundi yanagongana waziwazi ni pale jina la mtu linapogeuka mali inayouzika bila mwenyewe.

Na safari ya hilo jina haikuishia hapo. 2004 Collectors Universe wakajitoa kwenye biashara ya kuuza, Bowers and Merena ikaenda kwa Greg Manning Auctions, ambayo mmiliki wake mkubwa alikuwa Afinsa, kampuni ya stempu ya Hispania, na mwaka uliofuata ikabadilishwa jina ikaitwa Escala. Mnaojua mnajua kilichofuata. Afinsa ilikuwa inawauzia watu wa kawaida stempu kwa ahadi kwamba itazinunua tena kwa faida, na Mei 2006 polisi wa Hispania wakavamia Afinsa na kampuni nyingine ya stempu, Forum Filatelico, mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wameweka akiba zao wakakuta hamna kitu. Escala ndo ilikuwa inaiuzia Afinsa sehemu kubwa ya hizo stempu, hisa zake zikaporomoka, baadae ikatolewa Nasdaq, na SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, ikaja kuifungulia mashtaka. Sasa wale waandishi wa katalogi za sarafu, watu waliokuwa wanakesha kutafuta sarafu fulani ilikuwa mkononi mwa nani mwaka 1880, wao walikuwa na kosa gani? Hawana. Lakini asubuhi ile walikuwa wafanyakazi wa kampuni iliyokuwa kwenye habari za utapeli, na muuzaji mwenye mkusanyiko wa kugombaniwa hasubiri uchunguzi uishe, anakwenda kwingine.

Ile American Numismatic Rarities yenyewe mwaka 2006 ikaungana na Stack's. Escala ikajisafisha, ikajiita Spectrum Group International, na mwanzoni mwa 2011 Stack's na Bowers and Merena zikaunganishwa zikawa Stack's Bowers Galleries. Kwa hiyo Bowers akakutana tena na jina lake baada ya kuzunguka miaka minane, na familia ya Stack ambayo tangu 1933 ilikuwa bosi wake mwenyewe ikawa ndani ya kampuni ya watu wengine. Wengi walilia kwamba ndo mwisho. Sio mwisho, Januari 2013 kampuni hiyohiyo iliuza dola ya Marekani ya 1794 kwa zaidi ya dola milioni 10, hakuna sarafu iliyokuwa imewahi kufika huko. Na 2025 mzunguko mwingine, A-Mark wakainunua Spectrum. A-Mark ni wauzaji wakubwa wa dhahabu na fedha, wakati huo walikuwa Nasdaq. Mimi hapa nasubiri kuona, kwa sababu mtu wa dhahabu ya kupima na mtu wa sarafu adimu wanaangalia kipande kimoja cha chuma kwa macho mawili tofauti, mmoja anauliza wakia ngapi, mwingine anauliza kilipita kwa nani.

Mtadhani somo la refa na timu lilieleweka. Mwaka 2021 Collectors Universe ikatolewa soko la hisa kwa dola milioni 850 hivi na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Nat Turner, mkusanyaji wa kadi za michezo, na mwaka huohuo wakanunua Goldin, kampuni ya mnada wa kadi. Yaani PSA, kampuni yao inayogredi kadi, na Goldin inayozinadi chini ya paa moja, miaka 20 na kitu baada ya ile ya mwanzo. 2024 Goldin ikauzwa kwa eBay. Kwa hiyo mara mbili wameingia mara mbili wametoka, na mi naona sababu ya kuingia ni rahisi tu, ukiangalia hesabu kwenye karatasi inapendeza mno, kila kitu anachokileta mteja unamlipisha kugredi, unamlipisha kutunza, unamlipisha kuuza. Karatasi haina safu ya kuandika imani ya mnunuzi. Na wakati huohuo, 2021 hiyohiyo, Blackstone, kampuni kubwa ya uwekezaji, nao wakachukua hisa nyingi za kampuni mama ya NGC, kwa hiyo wagredi wakubwa wote wawili leo wako kwa wawekezaji wa mitaji.

Mtu atasema haya ni mambo ya kampuni, bosi mmoja anaweza kubadilisha nini? Anaweza. Sotheby's mwaka 1983 ilinunuliwa na Alfred Taubman, tajiri wa majengo ya maduka, na miaka ya 1990 ikawa inakubaliana kisirisiri na Christie's viwango vya kamisheni ya kuwatoza wauzaji, wateja wakidhani wanashindaniwa kumbe bei imeshapangwa. Ilipofumuka mwaka 2000 kampuni mbili zikakubali kulipa dola milioni 512 kumaliza kesi ya wateja, na Desemba 2001 Taubman akatiwa hatiani, akafungwa. Julai 2002, miezi michache tu baada ya hukumu, Sotheby's hiyohiyo ikishirikiana na Stack's ikauza ile Double Eagle ya 1933, sarafu ya dhahabu ya dola 20, kwa dola 7,590,020, zile dola 20 za mwisho zikilipwa kwa Hazina ya Marekani ili sarafu ihesabike kuwa pesa halali. Ukumbi ulijaa. Soko linasahau haraka bidhaa ikiwa nzuri, nalisema hili bila hasira.

Na kwenye kampuni ndogo bosi ndo kila kitu. Roma Numismatics ya London, Oktoba 2020 iliuza sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile yenye majambia mawili ya kumkumbuka Julius Caesar alivyouawa, kwa pauni milioni 3.24. Maelezo ya imetoka kwa nani yalikuwa ya uongo, mwanzilishi wa kampuni alikamatwa New York mwaka 2023 na baadae akakiri makosa, sarafu ikarudishwa Ugiriki, na kampuni nayo ikafunga milango. Hapo hapakuwa na mwekezaji wa nje, hapakuwa na Nasdaq, alikuwa fundi mwenyewe anayependa sarafu. Kwa hiyo ule usemi wa "tuwaachie wapenzi wa sarafu waendeshe" nao una shimo lake.

Kwa upande wa haki, hela za wawekezaji na wafanyabiashara wakubwa zimeleta mambo mazuri ambayo wazee wasingeyaleta. Heritage ya Dallas, ilianza 1976 na Steve Ivy, baadae akaungana na Jim Halperin aliyekuwa mshindani wake, hao walimwaga picha na bei za mauzo ya nyuma kwenye intaneti, unajisajili bure unaangalia. Kabla ya hapo ukitaka kujua sarafu ya aina hiyo iliuzwa bei gani mara ya mwisho, ulikuwa unamuuliza muuzaji. Sasa muuzaji gani atakwambia? Hilo peke yake limeondoa wizi mwingi kuliko mahubiri yote ya maadili.

Kaka mmoja hapa mbele kaniuliza wakati wa chai, sasa nikiwa na mkusanyiko na kampuni imepata bosi mpya nifanyeje, nihame? Mi nasema usihame kwa sababu ya bosi, uliza maswali yasiyopendeza kabla ya kusaini. Sarafu zangu ataziandika nani, na huyo mtu bado yupo au kashaondoka, maana ukisikia waandishi wa katalogi watatu wameacha kazi mwaka mmoja hiyo ni taarifa nzito kuliko tangazo lolote la mkurugenzi. Kampuni itakuwa na sarafu zake kwenye mnada huo? Inaruhusiwa kutaja dau kwenye sarafu zangu? Mmiliki wenu anamiliki na kampuni ya kugredi, au anaikopesha, au anakopeshwa nayo? Hela yangu inakaa akaunti gani kati ya siku ya nyundo na siku ya kulipwa, ni akaunti ya wateja au imechanganywa na ya kuendeshea ofisi? Hilo la mwisho watu wanalionea aibu kuuliza, wanaona kama wanamtukana mwenyeji, na ndo la kwanza ambalo mimi ningeuliza, tena ningetaka jibu kwa maandishi. Akikunja uso, chukua boksi lako.

Naona mikono, tuanze na yule mama wa kushoto.